Siku Kumi na Moja

Nyuma ya gari ilikuwa imechuchumaa
kama mtu anayetafuta sarafu chini ya kitanda,
na taa za mbele, badala ya barabara,
zilimulika viota juu ya mikalitusi.
Hivyo ndivyo tulivyofika Coonamble, mimi na Dolores,
farasi wa kilo mia tano na kumi ndani ya tela,
usukani mwepesi mkononi kama ahadi ya mkopaji.

Kaka yangu Fergus hakungoja aulizwe.
"Funga springi za kubeba kilo mia nne,
ngumu, za kudumu. Umalize."
Fergus humaliza kila kitu.
Ndoa mbili amezimaliza.

Corrado, fundi wa Gilgandra, alilala chali chini ya gari,
soksi zake za rangi mbili zikinitazama,
akauliza kutoka huko gizani:
"Kwa mwaka unakokota siku ngapi?"

Nikahesabu. Maonyesho ya Machi. Yale ya Agosti.
Daktari wa farasi, mara mbili.
Vidole vya mikono vikaisha, nikaazima kimoja cha mguu.
Kumi na moja.

"Na hizo nyingine?"

Hizo nyingine nampeleka mama Dubbo.
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa,
kilomita sitini na tano kwenda, sitini na tano kurudi,
mashine ikamchuje damu saa nne nzima.
Hukaa kiti cha nyuma ili anyooshe miguu,
mkono wa sindano ameulaza juu ya mto.
Kila kiraka cha lami anakijua kwa mfupa.
Hasemi kitu.
Huvuta pumzi tu, akaishika,
kabla hatujafika kwenye reli.

Corrado akajitoa, vumbi kichwani.
Springi ngumu isiyo na mzigo, akasema,
ni punda aliyefunguliwa: hurusha mateke,
na aliye nyuma ndiye anayeyapokea.
Akabonyeza bampa kwa goti.
Gari likaitikia mara nne,
kama mlevi anayekubali kila neno.
"Shokomzoba zimekufa. Anzia hapo.
Springi nazo zina miaka kumi na minne,
zimezama sentimita tatu.
Weka mpya za kimo kilekile, ngumu kidogo, kidogo tu,
na ndani ya kila moja mfuko wa hewa.
Siku ya farasi, jaza. Siku ya mama, punguza."
Kisha akainua kidole chenye grisi:
"Usidanganyike. Mfuko unainua gari,
hauongezi hata kilo moja
kwenye uzito ulioruhusiwa."

Nililipa kwa awamu tatu.
Fergus aliguna kwenye simu, akabadilisha mazungumzo.

Sasa, usiku wa kuamkia maonyesho,
napiga magoti nyuma ya gari na pampu ya baiskeli,
valvu mbili ndogo kando ya kibao cha namba.
Mama yuko dirishani, anahesabu nami,
ananizidi kwa mbili, kama kawaida yake.
Gari linainuka polepole
kama mtu aliyeketi mkekani tangu asubuhi.
Taa zinarudi chini, zinaiona barabara.

Si kwamba mambo yote yamenyooka.
Malori ya ng'ombe yakitupita bado tela linayumba,
na Dolores hupiga ukuta kwa kwato,
ananikumbusha nani abiria, nani dereva.

Jumapili jioni natoa hewa. Sssss.
Siimalizi, naacha kidogo,
maana mfuko mtupu hujikunja ukajila wenyewe.

Jumatatu ile ya kwanza, tulipokaribia reli,
nilimsikia akivuta pumzi.
Magurudumu ya mbele yakapita. Ya nyuma yakapita.
Akabaki nayo kifuani, hana pa kuiweka,
hadi tulipoyaacha maghala ya ngano
ndipo akaitoa,
akauliza kama tumeshavuka.